Bati la Mama Bendi

Saksafoni ya Tonny Wanzala ilikuwa imefungwa rababendi saba, na kila moja ilikuwa na kisa chake. Ya kwanza aliifunga kwenye harusi moja ya Iganga, springi ilipokatika bibi harusi akiwa ameshika kisu cha keki. Ya pili na ya tatu zilitokana na mvua iliyomkuta Bugembe juu ya boda. Ya nne aliiomba kwa muuza dawa, akaitoa kwenye bunda la vidonge vya minyoo. Hizo nyingine tusizitaje, maana mtu akianza kusimulia vidonda vya saksafoni ile, jua litamchwea na shamba halijalimwa.

Mwenyewe alikuwa mtu wa Walukuba, mtaa wa Jinja, miaka thelathini na minane, Msamia kwa baba, mwembamba, mcheshi, mwenye mashavu yaliyolegea kwa kazi. Alijifunza kupuliza katika bendi ya polisi, akakaa huko miaka mitano, na alipoacha kazi akaondoka na vitu viwili tu: ufundi na tabia mbaya. Ufundi tutausikia. Tabia ilikuwa hii: mpiga bendi ya gwaride hufundishwa kupuliza na kutembea siku moja, na kwa Tonny mambo hayo mawili yaligandana yasibanduke. Miguu ikisimama, pumzi nayo inasimama. Kwenye gwaride hilo ni jambo la heshima. Kwenye sherehe ndogondogo ni balaa, kwa sababu maikrofoni ina waya, na waya una mwisho. Alikwisha angusha spika mara tatu, na mara moja aliangusha mzee.

Siku hadithi hii inapoanza alikuwa Budondo, kwenye karamu ya binti mmoja aliyehitimu uuguzi. Watu walikuwa wameshiba, mgeni rasmi alikuwa amemaliza kusema mara ya pili yale aliyosema mara ya kwanza, na Tonny akaitwa. Noti za juu zilitoka safi. Aliposhuka kutafuta zile nene za chini, saksafoni ikakataa. Ikatoa mlio wa ndama aliyeachwa na mama yake. Wageni wakacheka, na Tonny, ambaye si mgeni wa aibu, akainama kama mtu aliyekusudia kuwachekesha, akaendelea na noti za juu peke yake mpaka mwisho.

Mgeni mmoja hakucheka. Huyo alikuwa Madam Brendah, mwenye bustani ya kulia chakula kando ya mto pale Jinja, mahali ambapo familia hukaa Jumapili mchana kula samaki na kupiga picha. Alimngoja Tonny afunge mkoba wake, akamwita pembeni.

"Ssebo, wewe napiga mzuri," alisema. "Lakini hiyo kitu yako iko mgonjwa. Mimi natafuta mtu ya saksafoni kila Jumapili. Jumamosi ingine niko na harusi Mbale, mtoto ya kaka yangu naolewa. Kuja piga huko. Kama nalia mzuri, Jumapili yote ni yako. Kama nalia kama leo, nachukua Zubairi na spika zake."

Zubairi alikuwa rafiki wa Tonny, na spika zake zilikuwa mbili, nyeusi, ndefu kuliko mwenyewe. Spika hazina pedi, hazina springi, hazivuji.

Tonny alirudi Walukuba na maneno hayo moyoni. Miaka yote ya kupiga alikuwa hajui Jumapili ijayo itamkuta wapi: leo kwenye ufunguzi wa duka la magodoro, kesho kwenye ubatizo, kesho kutwa hakuna. Alitamani kuwa na siku yake, siku ambayo mtu akimuuliza uko wapi, anajibu bila kufikiri. Aliitamani Jumapili ile kama mtoto anavyotamani viatu vya Krismasi, na hakuona haya kumwambia mkewe hivyo.

Mkewe alikuwa Docus, Mgisu wa Mbale, mshonaji nguo, mwanamke wa maneno machache na mkasi mkali. Alimtazama mumewe siku tatu akihangaika mezani. Saksafoni ina matundu zaidi ya ishirini, na kila tundu lina kifuniko chenye pedi ya ngozi kwa ndani. Pedi ikichoka, pumzi inavuja, na pumzi ikivuja juu, noti za chini hazitoki. Tonny alijua hilo vizuri. Alichokuwa hajui ni kulitengeneza. Alijaribu nta ya mshumaa, ikadondoka. Alijaribu kipande cha ndala, saksafoni ikanuka ndala. Fundi wa Kampala aliyeijua kazi hiyo alikuwa amehamia Kigali, na kwenye simu alisema labda mwezi wa kumi na mbili.

Jumatano Docus alikata uzi kwa meno, akasema, "Mama najua kutengeneza hiyo kitu."

"Mama gani?"

"Mimi niko na mama ngapi?"

Tonny aliweka bisibisi chini polepole.

Hapa inafaa msomaji aelewe jambo. Kwa Wagisu, na kwa Wasamia vilevile, mkwe wa kiume na mama wa mkewe huheshimiana kwa kukaa mbali. Hawashikani mikono, hawali pamoja, hawatazamani usoni, na wakikutana kwenye njia nyembamba mmoja huingia kwenye mihogo mpaka mwenzake apite. Tonny alikuwa na miaka minane katika ndoa, na kwa mama mkwe wake alijua vitu viwili: sauti na mgongo. Vyote alivipata siku moja, kwenye mazishi ya baba mkwe, miaka minne iliyopita.

Baba mkwe huyo, Sajini Wamboga, alikuwa amepuliza saksafoni katika bendi ya serikali miaka ishirini na sita. Kambini vyombo vilipelekwa kwa fundi mara moja kwa mwaka, na mwaka mwingine vilisahauliwa. Kwa hiyo mkewe, Margret, alijifunza mwenyewe. Alifungua, akachungulia, akakosea, akarudia, mpaka bendi nzima ikawa inamletea matarumbeta yake jikoni. Siri ya mtungi aijuaye kata. Watu wakamwita Mama Bendi, na jina halikumwacha hata waliporudi Mbale kwa pensheni. Lakini mumewe alipozikwa, alifunga boksi la vifaa, akalisukuma chini ya kitanda, akasema basi. Tena kulikuwa na neno lingine, ambalo Tonny alilijua ingawa hakuambiwa uso kwa uso: siku Docus alipopeleka habari za uchumba, mama yake alishika kiuno akauliza kama Uganda nzima wanaume wote wengine wamekwisha, mpaka aokote tena mtu wa tarumbeta.

"Atakataa," alisema Tonny.

"Wewe naomba, yeye nakataa. Mimi ndiye naomba."

"Na nitapiga mbele yake namna gani? Fundi lazima asikie."

"Kwani masikio iko kwa macho?" Docus alimjibu, akaendelea kushona.

Ijumaa asubuhi walishuka Mbale, mawingu yakiwa yamekaa juu ya mlima Wanale kama kilemba. Nyumba ya Mama Bendi ilikuwa Nkoma: vyumba viwili vya matofali, jiko la mabati kwa nyuma, pipa la maji ya mvua kwenye kona, na ua wa miyaa unaoitenganisha na kwa jirani yake Khadija. Tonny hakufika mlangoni. Alisimama chini ya mfenesi, mgongo kwa nyumba, kama mtoto aliyeadhibiwa shuleni. Docus akachukua mkoba wa saksafoni, akaingia nao.

Tonny alimsikia jogoo, akamsikia Khadija akifua. Kisha akasikia boksi likikokotwa sakafuni, chuma kikigonga chuma ndani yake, halafu koleo likikaza springi mpya. Docus akatoka na saksafoni, akamfungulia kiganja. Rababendi zote saba zilikuwa humo.

"Mama nasema hii ni yako," alisema. "Nasema usirudishe tena."

Tonny alizipokea kwa mikono miwili, akajua kwamba kazi imekubaliwa.

Kwanza walijaribu simu, maana desturi haijasema neno juu ya simu. Tonny alipuliza chini ya mfenesi, Mama Bendi akasikiliza ndani. Alisikiliza noti mbili akakata. "Ambia yeye, kwa simu hii nasikia bata," alisema kwa sauti iliyopenya dirishani. Basi Docus akapanga upya. Mama yake angekaa ndani ya jiko la mabati na boksi lake. Tonny angekaa nje kwenye kigoda, bati likiwa katikati yao. Angepuliza noti moja moja kutoka juu kwenda chini. Mama Bendi akisikia pumzi inavuja, angegonga bati mara moja kwa koleo. Noti ikiwa nzima, angegonga mara mbili. Ndivyo alivyofanya kambini miaka yote, alisema Docus, kwa sababu pale nyumba nazo zilikuwa za bati.

Tonny akapuliza ya kwanza. Ngo, ngo. Ya pili, ngo, ngo. Ya tatu, ngo. Ya nne, ngo. Ya tano, ngo, na hiyo ilikuwa na hasira. Alipofika chini kabisa bati halikugongwa hata kidogo, ikasikika sauti ya mtu akivuta pumzi kwa masikitiko.

Docus akawa mjumbe. Aliingia na saksafoni, akatoka na maswali.

"Mama nauliza, wewe nakunywa soda halafu napiga?"

"Kidogo. Kwenye sherehe wananipa."

"Nasema pedi zako nanata kama vidole ya mtoto. Kuanzia leo ni maji." Akaingia, akatoka tena. "Nauliza nani aliweka ndala hapa."

Tonny aliangalia kwingine. "Ambia mama ni fundi wa zamani."

Bati likagongwa mara moja, kali. Hata uongo ulikuwa na noti yake, na Mama Bendi aliisikia.

Pedi sita zilikuwa zimekufa. Blanketi la kijivu la serikali lilikuwepo, la kutia ndani ya pedi. Lakiri ya kubandikia ilikuwepo, fimbo nyekundu iliyobaki nusu. Ngozi laini ya kufunikia ndiyo iliyokosekana. Docus aliitwa ndani. Alipotoka uso wake ulikuwa umebadilika, na safari hii hakuwa na swali.

"Anakata viatu vya baba," alisema. "Vile vya gwaride. Anatoa bitana."

Tonny aliinuka kwenye kigoda. Alivikumbuka viatu vile. Viliwekwa juu ya jeneza siku ya mazishi, vinang'aa mtu angeweza kunyolea ndevu humo. Aliona aibu, aibu nzito, kwamba chombo chake cha kuokoteza na uzembe wake wa soda vimefika mpaka kwenye viatu vya marehemu. "Ambia mama aache," alisema. "Tutatafuta ngozi sokoni. Ambia yeye tafadhali."

Docus hakupata nafasi ya kugeuka. Sauti ilitoka moja kwa moja ndani ya bati, ya taratibu, bila mjumbe.

"Ambia yeye, hiyo viatu hapana jua kupiga gwaride peke yake."

Harufu ya lakiri iliyoyeyuka ilitoka kwenye tundu za misumari, Khadija akaanika mashuka yake, na jua likapita juu ya jiko likaelekea upande wa pili. Tonny alikaa kwenye kigoda akiwa ameshika magoti. Alikuwa amekuja kutengeneza chombo, na sasa alijiona ana deni la aina ambayo hailipwi.

Saa nane ya mchana saksafoni ilitoka. Alipuliza kutoka juu. Ngo, ngo. Ngo, ngo. Alishuka noti baada ya noti, na bati likamjibu mara mbili mbili kama ngoma, mpaka akafika kule chini alikokuwa hajafika tangu mwaka juzi. Noti ya chini kabisa ilitoka nene, ya mviringo, ikatetemesha sufuria zilizoning'inia jikoni. Docus aliziba mdomo kwa mkono. Ngo, ngo, likasema bati, na ngo ya pili ilichelewa kidogo.

Kisha Mama Bendi akaanza kuimba kwa midomo iliyofungwa. Ulikuwa wimbo mfupi usio na maneno, unapanda polepole kama mtu anayerudi nyumbani mlimani, unapumzika, unapanda tena. Docus aliutambua papo hapo. Baba yake aliupiga kila jioni akitoka langoni mwa kambi, ili walio nyumbani wajue anakuja. Hakuwahi kuupa jina. Aliyeutunga ni yeye mwenyewe.

Tonny alisikiliza mara moja. Mara ya pili aliufuata kwa sauti ndogo. Mara ya tatu aliushika, na wimbo nao ukamshika. Akafumba macho. Na hapo, bila kujua, akainuka kwenye kigoda. Miguu ikaanza.

Docus aliona hatari akiwa na ndoo mkononi. Mumewe alikuwa anazunguka jiko kwa mwendo wa gwaride, kushoto, kulia, mashavu yamejaa. Na mama yake, akisikia sauti inahama, alidhani pumzi imeanza kuvuja upya. Akatoka jikoni kuifuata kwa sikio, koleo mkononi, kichwa kimeinama upande. Tonny akapinda kona ya kwanza. Mama Bendi akapinda ya tatu. Docus alifungua mdomo amwite mmoja, akashindwa kuamua yupi, kwa sababu akimshtua mume atageuka, na akimshtua mama atakimbia, na kila upande ulikuwa na kona.

Wakakutana kwenye pipa la maji.

Tonny alifumbua macho akamwona mama mkwe wake. Alikuwa mama mfupi, mwenye miwani iliyofungwa uzi, lakiri nyekundu kwenye vidole, na mashavu yamelowa machozi. Yeye naye alimwona mkwewe, mzima mzima, na shati limetoka nje. Walitazamana muda wa kutosha kuhesabu vifungo. Kisha kila mmoja akageuka kwa kishindo, mgongo kwa mgongo, na Mama Bendi akavuta kitenge chake akajifunika mpaka kichwani. Maji yakimwagika hayazoleki.

"Mimi nimeona," ilisema sauti kutoka nyuma ya miyaa. Khadija alikuwa amesimama juu ya karai lake la kufulia, akiona vizuri. "Na Mungu ameona. Sisi watu wa dini yetu hatuna mambo hayo, lakini nimekaa na nyinyi miaka kumi, hukumu naijua. Kuku mmoja na kitenge kipya. Kuku mimi ninaye."

Chini ya kitenge kulikuwa na sauti. Docus alikimbilia mama yake akidhani analia, akakuta anacheka, mabega yanaruka. "Baba yako alikuwa hivyohivyo," Mama Bendi alisema alipopata pumzi. "Nikimwacha napiga bila kufunga, anafika mpaka kwa kota ya mabwana wakubwa. Leta kamba ya mbuzi. Funga yeye mguu."

Tonny alinunua kuku wa Khadija, Docus akampelekea mama yake, kitenge kikaahidiwa. Mama Bendi akarudi ndani ya bati, Tonny akafungwa mguu wa kushoto kwenye nguzo ya jiko, na wimbo ukapigwa upya toka mwanzo mpaka mwisho. Alipomaliza alingoja. Ngo, ngo.

"Mama ameridhika," alisema Tonny wakiwa njiani kwenda kulala kwa binamu yake Docus, maana mkwe halali kwa mama mkwe.

"Nasema mzuri tu," Docus alijibu. "Mbili ni mzuri. Ilikuwako ya tatu." Akaeleza kwamba kambini baba yao alipofanya mazoezi hakuna aliyekula mpaka amalize. Watoto walikaa na njaa wakihesabu bati. Moja, arudie. Mbili, vizuri. Tatu maana yake imetosha, njoo nyumbani ule. "Tangu baba nakufa, mimi hapana sikia tatu."

Walitembea kidogo, kisha akaongeza kama mtu aliyekumbuka chumvi. "Na kesho mama iko kwa harusi. Bibi harusi ni mtoto ya kanisa lao."

Tonny alilala vibaya. Mficha uchi hazai, ndiyo, lakini yeye alikuwa ameufichua wake kwenye pipa la maji, na sasa alitakiwa kuufichua tena mbele ya maturubai matatu.

Harusi ilikuwa kwenye uwanja wa shule, mapambo ya rangi ya machungwa, sufuria zinafuka nyuma ya madarasa. Zubairi alikuwa amekwisha simamisha spika zake na akampungia Tonny mkono kwa upendo wa mtu asiye na wasiwasi. Madam Brendah alikaa mstari wa mbele, mkoba juu ya magoti, kama mwenye kupima nyama. Na mahali fulani kati ya wanawake wa kanisa, wote wamevaa gomesi zinazofanana, alikuwemo Mama Bendi. Tonny hakujua ni turubai lipi, wala hakuthubutu kutazama.

"Leta kamba," alimnong'oneza mkewe.

"Mbele ya Madam Brendah, kama mbuzi?" Docus alimrekebisha kola, akaondoka, akapotea kati ya gomesi, akarudi. "Mama nasema tembea. Tazama viatu vyako tu, usiinue macho. Yeye iko na chupa ya soda na kijiko. Ukisikia chupa, umekaribia. Geuka."

Mshereheshaji akamtaja. Zubairi akamletea maikrofoni na waya wake, na Tonny akaikataa kwa kichwa. Alikuwa na pedi mpya. Akakunywa maji, akatazama viatu vyake, akaanza kutembea, na bibi harusi akatokea nyuma ya madarasa.

Aliuchagua wimbo wa Sajini. Hakuwa amepanga hivyo, lakini mtu anayerudi nyumbani na mtu anayetoka nyumbani huenda mwendo mmoja. Alipita mbele ya turubai la kwanza, mzee mmoja akasimama akacheza na fimbo yake. Akaelekea la pili, akasikia ting upande wa kulia. Akageuka kushoto, bila kukosa noti. Akazunguka meza ya keki kwa heshima zote, akarudi, ting, akageuka tena, safari hii kwa madaha kidogo, kwa kuwa watu walianza kushangilia kugeuka kwenyewe. Wakadhani ni mtindo. Wanawake wa kanisa wakapiga vigelegele kila alipowakaribia na kuwakimbia. Alipofika mwisho wa wimbo alishuka kwenye noti zile za chini, moja, ya pili, na ya chini kabisa, akaishikilia. Ilitanda uwanjani nene na tulivu, na bibi harusi, aliyekuwa amekaza uso tangu asubuhi, akaanza kulia na kucheka pamoja.

Madam Brendah alimfuata kabla hajapangusa jasho.

"Ssebo, huo mchezo ya kugeuka, nani nakufundisha?"

"Mama mkwe wangu."

Alimtazama kuona kama anataniwa, akaamua haina haja. "Kesho saa tisa. Usichelewe. Na kule kwangu hakuna waya, tembea mpaka kwa mto kama nataka."

Tonny alisema asante, na alisema kwa moyo wote, lakini masikio yake yalikuwa kwingine. Zubairi alikuwa bado hajawasha spika. Watu walikuwa wanasogeza viti, watoto wanapita na sahani, na katikati ya kelele hizo alisikia kijiko kwenye chupa. Ting. Alikaza macho kwenye viatu vyake, ingawa alikuwa amesimama mahali pamoja. Ting. Vizuri, alijisemea, ni vizuri tu, na si haba. Docus, aliyekuwa kando yake, alimshika kiwiko ghafla akambana mpaka kikauma.

Ting.

Docus alikuwa analia na hakujisumbua kujipangusa. Kisha akaenda upande wa wanawake, akarudi na sahani iliyofunikwa kwa jani la ndizi. Ndani kulikuwa na matoke na malewa, machipukizi ya mwanzi ya mlimani, yaliyopikwa kwa karanga, yangali na moto. Tonny alichukua kiti, akakigeuza, akakaa mgongo wake ukiwa kwa turubai la pili kama inavyompasa mkwe, saksafoni mapajani, akala mpaka akamaliza.